Mirambo na Tabora isiyotabirika

Wanafunzi ninaowafundisha historia hapa Tabora wakitajiwa Mirambo, mtemi wa Kinyamwezi wa karne ya kumi na tisa, hutaja ruga-ruga, wapiganaji wake, na vijiji kuteketea. Sawa, lakini mbona aliichoma Tabora mwaka 1871 na asiikalie?

Mwaka huo msafara wa Waarabu ulikuwa njiani kwenda Ujiji. Stanley, mwandishi wa habari na msafiri aliyekuwapo Unyanyembe, yaani utemi wa Tabora, ameandika kwamba Mirambo aliudai mapipa matano ya baruti, bunduki tano na robota tano za nguo. Wakalipa. Kisha akawaamuru warudi walikotoka. Hongo, yaani ushuru wa kupita, ilikuwa desturi ya njia nzima, haikumshtua mtu. Kuipokea na bado kuifunga njia, hiyo ndiyo ilikuwa vita. Na alikuwa na sababu: Waarabu hao walishamng'oa mtemi Mnywa Sere, aliyetaka kuwatoza ushuru, na kumweka Mkasiwa.

Walimfuata. Wakaiteka Zimbizo, kijiji chake, kundi jingine likaenda Ulyankulu, nako kwake, likarudi na shehena ya pembe za ndovu. Mirambo akaliotea njiani, akalimaliza. Tarehe 22 Agosti akaingia Tabora, na Khamis bin Abdallah, Mwarabu aliyetoka kumkabili, akauawa. Stanley alikuwa Kwihara, watu wake wakitoboa matundu ya bunduki kwenye kuta za tembe. Ndilo lile lililojengwa upya, leo makumbusho. Kama hujafika, nenda.

Kwa maoni yangu, kilichomsumbua Mirambo hakikuwa nguvu ya Tabora bali kutojua nani anaisemea. Liwali alikuwa wa Sultani wa Zanzibar, ila matajiri wa pembe walimtii wakipenda. Liwali mwenyewe, Said bin Salim, mwishowe aliangushwa na wenzake wenyewe. Mkasiwa naye alikuwa na lake. Ukipatana na huyu, yule anaomba askari kwa Sultani Barghash. Askari walikuja kweli, wala hawakumng'oa.

Kwa hiyo aliwaruka. Kwanza aliwachambua mmoja mmoja: Tippu Tip, mfanyabiashara Mwarabu mkubwa kuliko wengi, hakuwa adui yake. Stanley, aliyempiga vita 1871, walichanjiana udugu mwaka 1876. Mwaka 1879 akamkaribisha Urambo, makao yake, daktari mmisionari, Southon. Jicho lake lilikuwa kwa John Kirk, konseli wa Uingereza Zanzibar, maana Barghash alimsikiliza Kirk kuliko alivyowasikiliza watu wake wa bara. Hesabu nzuri sana, ukiniuliza.

Iliharibika Juni 1880 huko Mpimbwe. Watu wake, pamoja na wa mtemi Simba, walivamia kijiji na kuwaua Carter na Cadenhead, Waingereza waliokuwa katika kazi ya mfalme wa Ubelgiji. Mirambo alisema hakujua kama mle mna Wazungu. Mimi namwamini, alikuwa na kila sababu ya kutoutaka ugomvi huo. Kirk alimpa kisogo. Mirambo alipofariki Desemba 1884, Unyanyembe ilikuwa bado kwa Isike, mrithi wa Mkasiwa.