Je, Wajua Weupe wa Maji Katika Picha za Zamani za Vinu Ulitoka Wapi?

Kinu cha kusagia nafaka kando ya mto kilipendwa sana na wachoraji wa rangi za maji nchini Uingereza mwanzoni mwa karne ya 19, na katika picha hizo jicho huvutwa kwanza na maji meupe pepe yanayoporomoka kutoka kwenye gurudumu. La kustaajabisha ni kwamba mara nyingi mahali hapo hapana rangi nyeupe hata tone. Weupe ule ni karatasi yenyewe.

Rangi ya maji hupakwa nyepesi, mwanga ukapenya hadi kwenye karatasi na kurudi machoni petu. Mchoraji akishapafunika mahali pa povu kwa rangi nzito, hawezi kupang'arisha tena kwa kuongeza rangi nyepesi juu yake, hivyo ilimlazimu aamue mapema ni wapi brashi isiguse. Thomas Girtin alifanya hivyo mwaka 1800 alipochora mto Thames pale Chelsea: nyumba nyeupe inayong'aa ng'amboni, pamoja na taswira yake majini, ni karatasi iliyoachwa wazi.

Povu, hata hivyo, halina kingo zilizonyooka kama ukuta wa nyumba. Ili kupata matone na michirizi, wachoraji, J. M. W. Turner akiwa mmoja wao, waliikwangua rangi iliyokauka kwa kitu chenye ncha kali, au waliilowesha, wakaifuta kwa kitambaa na kuisugua kwa makombo ya mkate. Karatasi dhaifu ingechanika. Iliyosifiwa kwa uimara ni ile ya chapa ya Whatman kutoka kiwanda cha Turkey Mill, jimboni Kent, iliyotengenezwa kwa matambara na kukazwa kwa gelatini ya wanyama. Na kiwanda hicho nacho kiliendeshwa na maji, yale ya mto Len.

Mwaka 1834 kampuni ya Winsor & Newton ilianza kuuza nyeupe ya zinki, ambayo haikugeuka nyeusi hewani kama ile ya risasi iliyotangulia. Kazi ikawa rahisi, lakini kwa maoni yangu povu la kupakwa huonekana zito, limekaa juu ya picha, ilhali lile la kukwanguliwa lina uhai wa maji yanayokimbia. Kuzitofautisha si vigumu: mwanga ukitoka ubavuni, mikwaruzo ya kisu huonekana wazi kwenye karatasi.