Usiniulize lita, panda kwanza usimame

Jumatano iliyopita kijana mmoja aliegesha pikipiki yake ya Himalayan mbele ya banda langu hapa Mtwara, vumbi jekundu la Newala bado limeganda kwenye spoku. Salamu haijaisha, akauliza: “Fundi, begi la tangi kubwa kuliko yote uliyonayo ni la lita ngapi?” Alikuwa anajiandaa kwenda Liwale kupitia Nachingwea. Ni mtu wa tano tangu mwezi huu uanze kuniuliza hivyo, karibu kwa maneno yaleyale. Kazi yangu ni kushona mabegi ya pikipiki na usafiri wangu ni pikipiki, kwa hiyo nimeona jibu niliandike mara moja, kila mtu alisome: begi la tangi, lile linalofungwa juu ya tangi la mafuta mbele yako, halichaguliwi kwa lita. Linachaguliwa kwa mwili wako ukiwa juu ya pikipiki yako.

Nikamwambia, “Mdogo wangu, panda kwanza. Simama kwenye vikanyagio.” Akashangaa, lakini akapanda. Nilikuwa na begi la lita 22 nililomshonea mteja anayekwenda lami tupu mpaka Dar es Salaam, nikalifunga kwenye tangi lake. Nikamwomba ainame mbele kama anayepandisha mlima. Kifungo cha suruali yake kikanasa kwenye mshono wa juu wa begi, akabaki amejipinda nusu wima, hawezi kwenda mbele wala kurudi. Nikamwambia akae, akate usukani wote kushoto. Begi likabonyeza honi, kuku wa jirani wakatawanyika. Akakata wote kulia. Kona ya begi ikagusa swichi ya kuzimia injini.

Hapo ndipo kwenye kiini cha jambo lote. Pikipiki ya safari inaendeshwa kwa kukaa na kwa kusimama, na barabara zetu zinakusimamisha utake usitake. Ukiwa kwenye lami ya Mingoyo kwenda Masasi unaweza kukaa siku nzima, hata begi kubwa kama mto wa kulalia halitakusumbua, tena utaliegemea. Ukiingia kwenye mchanga unasimama, unarudisha makalio nyuma, mikono inalegea. Ukipandisha kuelekea Newala unasogeza kifua mbele mpaka karibu na usukani. Ukipita polepole kwenye korongo lililochimbwa na maji ya masika, usukani unakatwa mpaka mwisho. Mambo yote hayo matatu yanahitaji nafasi, na nafasi hiyo ndiyo unayompa begi unaponunua kwa kuangalia lita. Injini ikizimwa na begi katikati ya mchanga, mguu wako unatafuta ardhi usiione, na pikipiki ya kilo karibu mia mbili inalala.

Kwa hiyo angalia kimo kabla ya ujazo. Mabegi mawili ya lita 12 yanaweza kuwa tofauti kabisa: moja limelala kama chapati, jingine limesimama kama ndoo. Lililolala ndilo zuri. Kwa mtu wa njia za vumbi mimi humpa lita 5 hadi 10, na wa lami kwa kawaida nampa 12 hadi 15. Ukikaa pale unapokaa kwa kawaida, kati ya begi na tumbo lako ibaki nafasi ya kiganja kilichopanuliwa, shubiri nzima. Yale yenye zipu ya kuongeza kimo siyapendi hata kidogo. Dukani yamefungwa, yanaonekana madogo, mnunuzi anaridhika. Pale Ndanda amenunua karanga, kafungua zipu. Masasi kaongeza koti la mvua. Akifika Nachingwea begi limepanda mpaka kifuani, na njia mbaya ndiyo kwanza inaanza.

Jambo la pili ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu wauzaji wengi hawalitaji na mafundi wengi hawaliamini. Tangi linapumua. Petroli ikishuka kwenda kwenye kabureta, lazima hewa iingie kujaza nafasi yake. Kwenye pikipiki nyingi za zamani, zile Honda XL na Yamaha DT ambazo mabwana shamba na wahudumu wa afya wamezizungusha vijijini kwetu miaka mingi, hewa inaingilia kwenye mfuniko: ama kwa katundu kadogo chini ya mfuniko, ama kwa mpira mwembamba unaotoka juu yake na kuchomekwa kwenye shingo ya usukani. Funika katundu hako kwa kitako cha begi, au kunja huo mpira chini ya mkanda, na umeliziba tangi pumzi.

Iliwahi kunikuta. Nilikuwa natoka Lindi na XL, nimepita Mingoyo, naelekea Mtama. Kwenye tangi nilikuwa na begi nililolishona mwenyewe, kitako chake nimekiwekea mpira wa tyubu ili lisiteleze. Injini ikaanza kukohoa, ikazima. Nikasubiri kidogo, nikapiga kiki, ikawaka. Kilomita chache mbele ikazima tena. Nikachomoa plagi, nikaifuta, sikuona tatizo. Nikafungua kikombe cha kabureta pale kivulini chini ya mwembe, kisafi. Mara ya tatu nikaona nichungulie mafuta kama yapo. Nilipolegeza mfuniko tu, tangi likavuta hewa kwa sauti, fyuuu, kama mtu aliyeibuka kutoka majini. Nikaushika mfuniko nikautazama kwa muda. Alama ya mduara ya ule mpira wa tyubu ilikuwa imejichora juu yake, tundu likiwa katikati kabisa.

Nikisubiri iliwaka kwa sababu hewa ilipata muda wa kupenya polepole. Sasa ukimwambia fundi wa njiani dalili hizo, atakwambia petroli ni chafu. Utamwaga petroli, utanunua chujio jipya, utasafisha kabureta, na ukilirudisha begi mahali pake, tatizo linarudi. Nimeshapokea pikipiki zilizobadilishwa kabureta zima kwa kosa la begi. Dawa yake ni mkasi: kitako kikatwe umbo la kwato ya farasi kuzunguka mfuniko, hewa ipite. Pikipiki mpya zenye pampu ndani ya tangi nyingi zinapumua kwa bomba lake la pembeni, hazina shida hiyo. Lakini usikisie. Fungua mfuniko, ugeuze, utazame.

Namna ya kulifunga begi nitaipitia haraka. Sumaku inashika chuma tu. Watu wananunua begi la sumaku kwa ajili ya BMW F 800 GS ya zamani, na kwenye pikipiki hiyo tangi liko chini ya siti. Unachokiona mbele ni plastiki. Chukua sumaku ya spika mbovu, ifunge kwenye kitambaa laini, igusishe unapotaka begi likae. Ikidondoka, umeokoa hela yako. Hata inaposhika, sumaku inakusanya unga wa chuma. Pale ninapofunga mabegi pana msumeno wa jirani yangu mchomeleaji, na nimewahi kugeuza begi nikakuta sumaku imeota ndevu nyeusi za unga huo. Weka ndevu hizo juu ya rangi ya tangi, tembea kwenye changarawe siku nzima, uone. Na kadi ya benki yenye mstari mweusi usiiweke karibu.

Ringi inayofungwa kwenye skrubu za mfuniko wa tangi, begi likabanwa juu yake, ni safi, begi halimgusi tangi kabisa na kujaza mafuta ni kulichomoa tu. Tahadhari ni moja: skrubu nyingine kwenye mfuniko ule ni za urembo, hazishiki kitu, na zile zinazoshika zimeingia kwenye aluminiamu laini. Kaza kwa vidole na bisibisi ndogo, si kwa nguvu za bega.

Mikanda ndiyo ninayoshona mimi: miwili kwenye shingo ya usukani, miwili kwenye fremu chini ya siti. Miaka ya nyuma nilikuwa natetea mikanda mbele ya ringi bila kusita. Sasa nasita. Mikanda haivunjiki kwenye barabara yenye mawimbi, hilo nimelithibitisha kwa safari nyingi, lakini begi lake linacheza kidogo, na vumbi likiingia chini linafanya kazi ya msasa. Nimebandika plastiki angavu kwenye matangi ya wateja, nimewaambia wapanguse kila jioni, na bado baadhi yao wamerudi na tangi lenye weupe pale begi lilipokaa. Kwa hiyo mwenye pikipiki mpya anayeipenda rangi yake namwambia anunue ringi, ingawa kwenye ringi sipati hata senti.

Maji. Neno “haliingizi maji” naomba tulitumie kwa uangalifu. Kila tundu la sindano ni mlango. Nikishona begi la turubai zuri la lori kwa uzi wa polyester, nimetoboa mamia ya matundu, na hata nikipaka gundi mishono yote, ukiliendesha begi hilo kwenye mvua ya Januari kutoka Kilwa mpaka Lindi, upepo unasukuma maji kuelekea kwenye mishono. Mabegi yaliyochomelewa kwa joto na kufungwa kwa kuviringisha mdomo yanazuia kweli, ila kila ukitaka kitambulisho unafungua mzingo mzima. Lile koti la mvua la begi linalokuja ndani ya mfuko wake linapeperuka. Nimeokota mawili barabarani. Zamani tuliweka vitu kwenye rambo ndani ya begi, yakaisha. Tangu tarehe 1 Juni 2019 rambo zimepigwa marufuku, na sasa nashona mfuko wa ndani wa kitambaa cha koti la mvua, mdomo unaviringishwa. Begi la nje likilowa, lilowe.

Zipu ichague ya plastiki. Pwani hii chumvi inakula chuma, na ukipita mashambani kuanzia mwezi wa sita, wakati wa kupuliza salfa kwenye mikorosho, zipu ya shaba inageuka nyeusi na kuanza kukwama.

Spana, kufuli, pampu ya tairi, vyote viende nyuma. Najua begi la tangi liko karibu na mkono na uzito wake unakaa katikati ya pikipiki. Lakini ukigonga kitu kwa mbele, mwili wako unateleza kuelekea kwenye tangi, nyonga zikitangulia. Madaktari wanayajua majeraha hayo ya nyonga na tangi. Sitaki kati yako na tangi kuwe na seti ya spana. Begi la tangi ni la maji ya kunywa, glavu, karatasi za pikipiki, kitambaa cha kufutia miwani, na simu.

Kuhusu simu, iwekwe ndani kwenye sponji, si kwenye ule mfuko wa juu wa plastiki angavu ambao jua la Mtwara linaugeuza jiko. Mwaka 2021 Apple walionya kwamba mtetemo wa injini kubwa za pikipiki unaweza kuharibu kamera za iPhone zikifungwa moja kwa moja kwenye usukani au fremu. Begi lenye sponji linapunguza mtetemo huo. Liwe tu si la sumaku, maana sumaku nayo inaivuruga dira ya simu.

Yule kijana aliondoka na begi la lita 8, limelala, kitako kimekatwa. Alinung'unika kwamba jiko lake la gesi halitaingia, nikamfungia jiko nyuma ya siti kwa mikanda miwili. Kisha akasimama tena, akainama, akakata usukani kushoto na kulia, kimya, hakuna honi.

Ukija kwangu usilete picha ya pikipiki. Njoo nayo yenyewe, na uje umevaa buti na jaketi unalosafiria, kwa sababu soli nene inakuinua na jaketi linaongeza tumbo, na shubiri niliyoisema naipima kwa mkono wangu ukiwa umevaa hivyo.