Kufuta maandishi kwenye Vim: yanayosemwa na ukweli wake

Wengi wanaoanza kutumia Vim, programu ya kuhariri maandishi ambamo herufi za kibodi hutumika kama amri, hufuta kwa kushikilia kitufe cha x mpaka neno liishe, wakaamini hakuna njia nyingine. x hula herufi moja moja. Nguvu yenyewe iko kwenye d, na d ukiibonyeza peke yake haifanyi kitu: inasubiri uiambie ifute mpaka wapi. d$ inafuta hadi mwisho wa mstari, dG hadi mwisho wa faili, dt) inaishia kabla ya mabano ya kufunga, na df) inayachukua na mabano yenyewe. Kwa hiyo anayejua kusogeza kishale tayari anajua kufuta.

“dw hufuta neno.” Inafuta kuanzia pale kishale kilipo. Chukua sentensi *Meli ya mizigo imetia nanga*. Kishale kikiwa juu ya z, dw inakuachia *Meli ya miimetia nanga*. Ukitaka neno zima popote kishale kiliposimama ndani yake, andika daw. Inaondoka na nafasi inayofuata. diw huondoa neno na kuziacha nafasi za pande zote mbili. Vivyo hivyo di" husafisha kilichomo ndani ya alama za kunukuu na kuziacha alama zenyewe, na dap hufuta aya nzima. Hizi ni za Vim. Vi ya asili, programu iliyoitangulia Vim, aliyoiandika Bill Joy mwaka 1976, haikuwa nazo.

“Kilichofutwa kimepotea.” Hili ndilo linalowatesa watu kuliko yote. Katika Vim kufuta ni kukata: kila unachofuta kinaingia kwenye rejista, yaani sehemu ya kuhifadhia maandishi kwa muda, na p inakibandika. Ndiyo maana unanakili mstari kwa yy, unafuta mwingine kwa dd, unabonyeza p, halafu unarudishiwa ule ule ulioutupa. Hata x moja inatosha kukuharibia. Lakini ulichonakili bado kipo salama kwenye rejista 0, kiite kwa "0p. Mistari uliyofuta nayo imepangwa kuanzia rejista 1 hadi 9, ya karibuni zaidi ikiwa mbele. Na ukitaka kutupa moja kwa moja bila kugusa rejista hizo, tumia "_dd.

“Fundi ni yule anayetanguliza namba.” 7dd ni nzuri kama tayari unajua mistari ni saba. Kukaa kuihesabu kwa macho ni kupoteza muda. Mimi napendekeza dd kisha nukta, ambayo hurudia amri ya mwisho ya kuhariri. Unaona kila mstari unavyoondoka na unasimama panapofaa.

“Ili ufute, lazima utoke kwanza kwenye hali ya kuandika.” Yaani hali ambayo herufi unazobonyeza zinaandikwa badala ya kuwa amri. Hapana. Ukikosea neno papo hapo, Ctrl-W inalifuta, nawe unaendelea kuandika.