Daktari bingwa wa uzazi na magonjwa ya wanawake ni nani?

Ni daktari aliyebobea katika afya ya mwanamke kwa pande mbili: mimba na kujifungua, kisha maradhi ya viungo vya uzazi. Mitaani huitwa daktari wa akina mama, na wengi hudhani kazi yake ni kuzalisha. Hospitalini kwetu wanaozalisha ni wakunga. Mzazi aliyejifungua salama anaweza kuruhusiwa kurudi nyumbani bila kuonana na bingwa hata mara moja. Bingwa huitwa mambo yanapokwenda kombo, au yanapoelekea huko.

Kwa Tanzania, mtu husoma shahada ya udaktari miaka 5, kisha mwaka mmoja wa utarajali, yaani mafunzo ya kazi hospitalini chini ya usimamizi. Wengi hufanya kazi kwanza kama madaktari wa kawaida ndipo wanarudi kusomea ubingwa kwa miaka 3 au zaidi, katika hospitali za Muhimbili, KCMC Moshi, Bugando au kwingineko. Muda mwingi wa masomo hayo huishia wodini na thieta, yaani chumba cha upasuaji, usiku na mchana.

Kwangu mimi, ugumu wa kazi hii si kisu. Upasuaji wa kumtoa mtoto hufanywa hata na wasio mabingwa. Madaktari wasaidizi wameufanya miaka mingi katika hospitali za wilaya. Ugumu ni kuamua. Mama ana uchungu tangu jana, njia imefunguka sentimita 7 ikasimama hapo, na kila uchungu ukija mapigo ya moyo ya mtoto yanashuka, yanachelewa kupanda. Usubiri au upasue? Ukisubiri mno, mtoto atakosa hewa au kizazi kitachanika. Ukiharakisha bila sababu, umemwachia mama kovu la kwenda nalo katika kila mimba ijayo. Kondo la nyuma laweza kujishikiza juu ya kovu hilo na kugoma kutoka, na hapo damu humwagika kwa namna ya kutisha.

Damu ndiyo adui mkubwa. Baada ya kujifungua kwa njia ya kawaida, kupoteza mililita 500 au zaidi tayari ni hatari, na kizazi kilicholegea humwaga kiasi hicho kwa dakika chache. Huanzwa kwa kusugua kizazi, oksitosini (dawa ya kukaza kizazi), na dawa ya kusaidia damu igande, ambayo inapaswa kutolewa ndani ya saa 3. Ikishindikana ni thieta, na mwisho kabisa kuondoa kizazi. Fikiria kuliamua hilo saa tisa usiku kwa binti wa mimba ya kwanza! Na benki ya damu ikiwa tupu, ubingwa wote huo hausaidii sana.

Kliniki ya mchana ina mwendo mwingine: uvimbe kwenye kizazi, hedhi nzito, ugumba, saratani ya mlango wa kizazi. Wapo wanaojichimbia zaidi katika eneo moja. Mmoja wao, Denis Mukwege wa Bukavu, Kongo, alikusudia kutibu watoto. Alipofanya kazi katika hospitali ya Lemera na kuona wanawake wanavyoumia wakijifungua, akaenda Angers, Ufaransa, kusomea fani hii. Mwaka 1999 alianzisha Hospitali ya Panzi, na vita vikamfanya mshonaji wa majeraha ya wanawake waliobakwa. Mwaka 2018 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani pamoja na Nadia Murad, mwanaharakati wa Iraki.

Jambo moja kwa aliyewahi kupasuliwa: omba iandikwe kwenye kadi yako sababu ya upasuaji na namna kizazi kilivyokatwa. Kovu la nje halitoshi kuonyesha, kwa sababu ngozi inaweza kukatwa kwa mlalo na kizazi kwa wima. Kizazi kilichokatwa wima sehemu ya juu hakifai kujaribiwa uchungu tena, na daktari atakayekupokea mimba ijayo ataanza kwa kuuliza hilo.