Mezoneti ya Milioni 18: Pesa Inaenda Wapi?

Dada mmoja, muuguzi huko Texas, alinitumia video ya dakika tatu. Mezoneti, yaani nyumba ya ghorofa yenye ngazi zake ndani, ya vyumba vinne huko Syokimau, kando ya Nairobi, ndani ya geti, safu ya nyumba zinazofanana kama mapacha. Kaunta ya graniti, taa zilizofichwa darini, bembea mbili za watoto nje. Bei: shilingi milioni 18. "Ndugu yangu, pesa yote hii inaenda wapi?" akauliza kwenye WhatsApp.

Mimi ni mkadiriaji wa gharama za ujenzi, na hilo ndilo swali ninalolipenda. Wengi huniuliza kama nyumba ni ghali. Ghali ukilinganisha na nini? Tuifumue bei kwanza.

Hesabu yangu ni ya mfano, lakini mgawanyo wake nimeuona mara nyingi. Nyumba ina mita mraba 165. Kwa shilingi 50,000 kila mita, kuta, paa na umaliziaji vinakula milioni 8.25. Ekari imenunuliwa kwa milioni 40 ikabeba nyumba 12, kwa hivyo kila moja inabeba takriban milioni 3.3 za ardhi. Barabara ya ndani, ukuta wa nje, kisima, mtambo wa maji taka na vibali, tuseme milioni 1.5. Riba ya mkopo wa mstawishaji, yaani anayejenga ili auze, pamoja na mawakili na madalali, milioni 2. Tumefika 15 na kidogo. Karibu milioni 3 zilizobaki ni faida yake, na kwa mtu aliyefunga pesa zake miaka miwili mitatu, siwezi kumwita mwizi.

Kuna gharama mbili ambazo video haionyeshi. Ya kwanza ni kodi. Kuuza nyumba ya makazi Kenya hakutozwi VAT, kodi ya ongezeko la thamani, na wanunuzi hufurahia hilo. Lakini mstawishaji ameshalipa asilimia 16 kwenye saruji, nondo na vigae, na kwa kuwa anachouza hakitozwi, hana pa kuidai. Anaiingiza kwenye bei kimyakimya. Ya pili iko chini ya miguu. Syokimau, Kitengela na Athi River zina ule udongo mweusi unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi kikija. Kontrakta mwaminifu huuchimba mpaka akute tabaka gumu, akausomba kwa malori, kisha akajaza mawe na kushindilia. Ni pesa nyingi zinazozikwa mahali ambapo hakuna mnunuzi atakayepiga picha. Ndiyo maana asiye mwaminifu huanza kubania hapohapo, kisha graniti akainunua ya bei ghali.

Sasa linaloniuma. Katika hizo milioni 18, sehemu inayopanda thamani kwa miaka ni ardhi. Kuta huzeeka, paa huvuja, graniti hupitwa na fasheni. Na ardhi yako ni ile ya milioni 3.3 tu: ekari ina futi mraba 43,560, gawanya kwa 12, kisha toa barabara na uwanja wa bembea. Hutafikia hata ploti ya futi 50 kwa 100, na huwezi kuongeza chumba nyuma bila kugombana na kamati ya wakazi. Anayekuambia nyumba hii "itapanda kama ardhi ya Kitengela ilivyopanda" anakuuzia historia ya kitu kingine.

Na ukiipangisha? Tuseme umepata mpangaji wa shilingi 75,000. Kwa mwaka ni 900,000, asilimia 5 ya bei. Toa kodi ya mapato ya pango, asilimia 7.5 kwa mkazi wa Kenya. Toa ada ya huduma, tuseme 8,000 kila mwezi. Toa mwezi mmoja nyumba ikikaa tupu. Unabaki na kama 660,000, chini ya asilimia 4, kabla fundi wa mabomba hajabisha hodi. Februari 2024 serikali iliuza hatifungani ya miundombinu, yaani ilikopa kwa wawekezaji, yenye riba ya zaidi ya asilimia 18, isiyokatwa kodi. Sitaki kusema zaidi.

Kwa hivyo nilimwambia yule dada: kama ni uwekezaji, hapana. Kama ni makao ya mama yake na watoto wake, tuzungumze. Geti lina thamani yake. Ukijenga peke yako utachimba kisima peke yako, utalipa mlinzi peke yako, na kila msimu wa mvua utasukuma gari kwenye matope. Pia utamkabidhi binamu pesa za ujenzi, na waliowahi kujenga wakiwa ng'ambo wanajua mwisho wa hadithi hiyo.

Ila nilimwomba asinunue mpya. Hapohapo mtaani kulikuwa na nyumba ya miaka saba, ya milioni 13.5, mwenyewe akihamia Mombasa. Nyumba mpya haijaonja masika. Ya miaka saba imeshatoa siri zake: nyufa kama zipo utaziona, unyevu utaunusa kabatini, na majirani watakuambia kama maji ya kisima ni ya chumvi na lori la kufyonza maji taka huja mara ngapi.

Kabla ya yote wakili alikwenda kuhakiki hati kwenye ofisi ya usajili wa ardhi. Syokimau si mahali pa kuamini nakala ya hatimiliki mkononi mwa dalali. Novemba 2011 nyumba nzima nzima zilibomolewa huko kwa madai kwamba ardhi ni ya uwanja wa ndege, na wenyewe walikuwa na makaratasi. Tulitaka pia hati ya sehemu, yaani ya nyumba hiyo peke yake, inayotolewa chini ya sheria ya mwaka 2020, si ahadi kwamba "hati mama ipo", ile ya kiwanja kizima. Kisha ushuru wa stempu, ambao mnunuzi hulipa serikalini umiliki unapohamishwa, asilimia 4: shilingi 540,000, ambazo kwa ile ya milioni 18 zingekuwa 720,000.

Nilikwenda kuikagua Aprili, mvua ikinyesha, makusudi. Nilikuta ufa mmoja juu ya dirisha la jikoni, mwembamba, umeshazibwa na kupakwa rangi miaka iliyopita. Haukuwa umefunguka tena. Nilimpigia simu nikiwa bado nimesimama hapo, maji yakitiririka kwenye mfereji, nikamwambia alipe.