Gesi ya AC haiishi kama petroli

"Fundi, nipigie gesi tu, imeisha." Kuanzia Desemba hadi Machi, Dar es Salaam inapochemka, kauli hiyo haikosekani kwenye karakana yetu ya mafunzo. Wanafunzi wangu nawaambia: kabla hujashika mtungi, muulize mwenye gari gesi hiyo imekwenda wapi.

Gesi ya kiyoyozi haichomwi, inazunguka. Kompresa inaigandamiza, kondensa iliyo mbele ya rejeta inaipoza hadi igeuke majimaji, vali ndogo inaipitisha kwa kipimo, kisha inaingia kwenye evapureta, nyuma ya dashibodi. Humo inachemka na kunyonya joto la hewa inayokupuliza usoni, halafu inarudi kwenye kompresa. Ikipungua, imetoka nje. Ni kweli mipira na sili huvujisha kidogo kidogo kwa miaka mingi, lakini gari lililojazwa Januari likapuliza joto Aprili linavuja mahali. Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Hapa mchukuzi ni fundi anayeuza gesi.

Mahali panapovuja mara nyingi hujitaja penyewe, kwa sababu oili ya kompresa husafiri pamoja na gesi. Ukiona kiungo cha bomba kimelowa mafuta na kushika vumbi jeusi, anzia hapo. Kuna gari dogo lililotufikia likiwa limejazwa gesi mara tatu ndani ya mwaka. Tulipaka povu la sabuni kwenye viungo vyote. Cha kondensa kikaanza kutoa vipovu vidogo kama vya soda. Ilikuwa oringi, kijipete cha mpira cha kuziba kiungo, imekauka, ya bei ndogo kuliko sahani ya chipsi mayai.

Baada ya kuziba inafuata vakyumu, yaani kuvuta hewa yote iliyomo kwenye mfumo, na hapa ndipo mafundi wenye haraka wanaporuka. Pampu ivute angalau nusu saa, kisha ifungwe na geji itazamwe kama sindano inarudi. Ndani ya vakyumu nzuri maji huchemka hata kwa joto la kawaida la mjini, kwa hiyo unyevu hugeuka mvuke na kuvutwa nje. Ukibaki, unaharibu oili na kula vyuma. Halafu gesi ipimwe kwa mzani. Stika iliyo chini ya boneti inataja aina ya gesi na gramu zake. Geji peke yake haisemi gramu, maana presha hupanda na kushuka na joto la siku, na gesi ikizidi AC hupoza vibaya vilevile.

Sasa kuflashi, yaani kusafisha mabomba ya AC kwa ndani, ambako siku hizi kunauzwa kama kuosha gari. Mfumo mzima na safi hauhitaji kuflashiwa. Kazi hiyo ni ya gari ambalo kompresa yake imekufa na kumwaga unga wa chuma, au lililochanganyiwa oili isiyo yake. Mabomba na evapureta hupitishiwa dawa maalumu kinyume na njia ya gesi, mpaka inayotoka isiache doa kwenye kitambaa cheupe, kisha hukaushwa kwa naitrojeni. Si kwa petroli wala mafuta ya taa, na si kwa upepo wa fundi pancha, maana una maji. Kompresa, vali na draya (kichujio kinachonyonya unyevu) haviflashiwi. Draya hubadilishwa kila mfumo unapofunguliwa. Kondensa za kisasa nazo zina vijia vyembamba mno: dawa hupita palipo wazi, uchafu ukabaki palipoziba. Nunua nyingine, hata kama inauma. Wenye haibridi wahakikishe oili inayowekwa ni ile ya gari lao, kwani oili ya kawaida ya PAG hupitisha umeme, na kompresa yao ni ya umeme mkubwa.

Jihadharini pia na mitungi ya bei ya kutupa. Mwaka 2011 makontena ya baridi yaliyojazwa gesi bandia yenye R-40 yalilipuka na kuua wafanyakazi; kemikali hiyo hugombana na aluminiamu. Gesi ya kupikia nayo hupoza, lakini evapureta imo ndani ya chumba cha abiria, na kiberiti kimoja kinatosha.

Wala gesi ya zamani isiachiwe hewani, ivutwe kwa mashine. Kilo 1 ya R-134a, gesi ya AC ya magari mengi, hupasha dunia joto kama kilo 1,430 za kabonidayoksaidi, ndiyo maana nchi zilikubaliana mjini Kigali mwaka 2016 kupunguza gesi za jamii hiyo.

Maji yanayodondoka chini ya gari AC ikiwaka ni ya kawaida. Yakilowesha kapeti miguuni mwa abiria, kijibomba cha kutolea maji kimeziba. Harufu ya uvundo hutokana na ukungu kwenye evapureta, na upepo hafifu mara nyingi ni chujio lililojaa vumbi nyuma ya droo ya dashibodi. Yote hayo hayahitaji mtungi wa gesi.