Uhamaji wa kemikali kutoka kwenye kifungashio ni nini?

Bakuli la plastiki lililokaa na mchuzi wa nyanya lina tabia moja inayojulikana kila jikoni: unalisugua kwa sabuni na maji moto, lakini wekundu hautoki. Rangi na mafuta ya mchuzi vimeshaingia ndani ya plastiki yenyewe. Na kama mchuzi unaweza kuingia, vilivyomo ndani ya plastiki navyo vinaweza kutoka vikaingia kwenye mchuzi. Safari hii ya pili, ambayo haionekani kwa macho, ndiyo huitwa uhamaji wa kemikali.

Plastiki si kitu kimoja. Kiwandani huongezwa vilainishi, rangi, na dawa za kuizuia isichakae kwa jua na joto, na mara nyingi hubaki mabaki kidogo ya malighafi ambayo hayakuungana vizuri. Karatasi ina gundi na wino. Kopo la bati limepakwa utando ndani ili chakula kisigusane na chuma. Kwa hiyo kuuliza "kifungashio hiki kina kemikali?" hakutusaidii, maana jibu ni ndiyo daima. La kuuliza ni hili: ni kiasi gani kinatoka, kikiguswa na chakula gani, kwa joto gani, kwa muda gani?

Mafuta huvuta vitu ambavyo maji hayavigusi kabisa. Asidi ya ndimu au siki huvuta vingine. Joto huharakisha yote hayo. Ndiyo maana chupa iliyopimwa kwa ajili ya maji ya kunywa haijathibitishwa kwa mafuta ya kupikia, ingawa mitaani kwetu mafuta ya kupima huuzwa humo kila siku. Mfuko wa nailoni unaofunikwa juu ya sufuria ya wali ili uive kwa mvuke unanitia wasiwasi zaidi, kwa sababu mfuko wa kubebea sokoni haukutengenezwa wala kupimwa kwa kazi hiyo.

Upimaji wenyewe hufanyika kwa njia ambayo mwanzoni huonekana ya ajabu: mara nyingi chakula halisi hakitumiki. Mchuzi una maelfu ya vitu vyake, na kutafuta humo kemikali moja iliyotoka kwenye plastiki ni kazi ngumu mno. Maabara hutumia vimiminika rahisi vinavyosimama badala ya chakula. Katika kanuni ya Umoja wa Ulaya ya plastiki, namba 10 ya mwaka 2011, vyakula vichachu huwakilishwa na asidi ya siki ya asilimia 3, vyakula vya majimaji na ethanoli (aina ya pombe) ya asilimia 10, vyakula vya mafuta na mafuta ya mimea. Vyakula vikavu vina unga wake maalumu unaonyonya kemikali zinazopaa kama hewa.

Kipande cha kifungashio hutumbukizwa au kujazwa kimiminika hicho, kisha huachwa. Kipimo kinachotumika sana ni siku 10 kwenye nyuzi joto 40. Joto hilo huharakisha mambo, hivyo siku hizo 10 husimama badala ya kukaa muda mrefu zaidi rafuni.

Baada ya hapo huja maswali mawili, na watu huyachanganya. La kwanza ni uhamaji wa jumla: vitu vyote vilivyotoka, bila kujali ni nini, vina uzito gani? Kwa kimiminika kama asidi ya siki, hukaushwa na mabaki kupimwa kwenye mizani. Kikomo cha Ulaya ni miligramu 10 kwa kila desimita moja ya mraba, yaani eneo la sentimita 10 kwa 10. La pili ni uhamaji wa kemikali mahususi, ambapo mashine hutenganisha na kutambua kitu kimoja kimoja. Sahani za melamini, zile za plastiki ngumu, kwa mfano, zisitoe kemikali ya melamini zaidi ya miligramu 2.5 kwa kilo ya chakula. Kwa kuwa sahani hutumika tena na tena, hupimwa mara tatu mfululizo, na kiasi kinachotoka hakitakiwi kuongezeka. Kikiongezeka, sahani yenyewe inamomonyoka.

Mizani haijui sumu. Kifungashio kinaweza kufaulu uhamaji wa jumla kwa urahisi huku kikitoa kiasi kidogo cha kitu kibaya. Mwaka 2023 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilishusha kiwango ambacho mtu anaweza kukila kila siku bila wasiwasi wa madhara cha bisfenoli A, iliyokuwa ikitumika kwenye utando wa makopo, hadi nanogramu 0.2 (nanogramu ni sehemu moja ya bilioni ya gramu) kwa kilo ya uzito wa mwili kwa siku. Ni mara 20,000 chini ya kiwango cha awali. Hakuna mizani ya uhamaji wa jumla itakayokiona kiasi kama hicho.

Kemikali pia huweza kupitia njia isiyotarajiwa. Mwaka 2005 nchini Italia, kemikali ya wino iitwayo ITX ilikutwa kwenye maziwa ya watoto, na mamilioni ya lita yakazuiliwa. Wino ulikuwa upande wa nje wa boksi. Lakini karatasi ya maboksi huviringwa ikiwa roli, upande wa nje ukilalia upande wa ndani wa mzunguko unaofuata, na wino ukahamia huko kabla hata maziwa hayajamiminwa.

Kwa hiyo mjasiriamali wa achari au siagi ya karanga anayeoneshwa cheti na muuza vifungashio asiishie kwenye neno "imefaulu". Aangalie kilipimwa kwa kimiminika gani, nyuzi joto ngapi na siku ngapi. Achari ni chachu na ina mafuta pia, na mara nyingi humiminwa kwenye chupa ingali ya moto. Cheti cha asidi pekee, kwa joto la kawaida, hakijaigusa achari yake.